Nembo Kabla ya Kazi

Mwenzetu alianza na nembo. Tulikuwa mwaka wa kwanza wa stashahada ya ubunifu wa grafiki hapa Dar es Salaam, bado tunahangaika kuchora duara kwa mkono lisigeuke yai, naye tayari ana kampuni. Kampuni yenyewe ilikuwa yeye, kompyuta ya mkononi aliyonunuliwa na mjomba wake, na kitanda cha juu bwenini. BRELA, wasajili wa kampuni, hawakuwa na habari nayo. Lakini nembo ilikuwa nembo kweli: herufi mbili za jina lake zimepitiana kwa ustadi, dhahabu juu ya nyeusi, na chini yake maneno yaliyosema, "Tunajenga chapa zinazoishi." Tunajenga. Yeye na nani, hatukuuliza.

Simtaji jina. Yupo mjini hapahapa, ana kazi yake, na tuliosoma naye tulimpenda. Nakisimulia kisa chake kwa sababu mimi bado niko chuoni, naendelea na shahada, na kila mwaka kundi jipya likiingia darasani namwona tena: sura nyingine, nembo nyingine.

Muhula ule wote aliumalizia kwenye utambulisho wake. Kadi za biashara zenye kona za mviringo, karatasi za barua zenye kichwa, bahasha, fulana, kikombe, hata stika ya kubandika nyuma ya kompyuta. Tulipopewa zoezi la kupanga herufi, kazi inayochosha macho na isiyopigiwa makofi, yeye alileta toleo jipya la nembo. Ukurasa wake mtandaoni ulijaa vitu: chupa za maji, mifuko ya benki, bango la kampuni ya simu, ndege iliyochorwa upya mkiani. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeagizwa na mtu. Zilikuwa mokapu, zile picha tupu za chupa na mabango ambazo mtu huzipakua, akapachika mchoro wake juu, kompyuta ikaongeza kivuli na mng'ao mpaka uape kwamba bango lile umeliona Barabara ya Bagamoyo asubuhi. Mokapu yenyewe haina ubaya. Kila mbunifu huitumia kumwonyesha mteja kitu kitakavyokaa. Ubaya ulikuwa kwenye maelezo ya chini ya picha: "Mradi wetu wa hivi karibuni."

Wazee wana methali ya kuwakomesha watu wa namna hii: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwalimu wetu mmoja aliipenda sana, akaitumia kila mtu alipofungua ukurasa wa kazi zake. Mimi siikubali, angalau si katika fani hii. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, akipaka rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari. Picha zake hazikukaa nyumbani zikingoja kugunduliwa. Zilipelekwa Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo Wazungu wa balozi na mashirika walifika kufanya manunuzi, zikapangwa nje wazione wanapopita. Huko ni kujitembeza, tena mchana kweupe, na chui wale na ndege wale walikuwa wazuri hata hivyo. Alipouawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliodhani gari lake ni la wahalifu, alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi na jamaa zake wakaendelea, mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika, na leo mtalii huingia dukani Zanzibar akaomba "tingatinga" bila kujua kwamba anamtaja mtu. Jina hilo halikupitia kwenye nembo yoyote. Lilikuwa sahihi kwenye kona ya picha, kwa brashi na rangi zilezile.

Kwa hiyo sina ugomvi na kujitangaza. Anayemaliza chuo akakaa kimya atakaa kimya muda mrefu. Swali ni mtu anatembeza nini.

Wazo la mtu kujifanya chapa lina umri, na lina mahali lilikotoka. Mwaka 1997 Mmarekani Tom Peters aliandika makala katika jarida la Fast Company akiwaambia wasomaji kwamba kila mmoja wao ni mkurugenzi wa kampuni iitwayo Mimi. Waliosomewa mahubiri hayo wengi wao walikuwa watu wa maofisini, wenye miaka ya kazi nyuma yao, na kitu cha kufungasha walikuwa nacho. Wazo likasafiri, likafika kwa kijana wa miaka ishirini ambaye hajawahi kukabidhi kazi hata moja kwa mteja, likamwambia maneno yaleyale. Naye akatii. Akafungasha.

Pale bwenini mwenzetu alikuwa na hadithi moja aliyoirudia kama ushahidi. Wanaosomea grafiki wote wanaijua, na wengi huisimulia kichwa chini miguu juu. Huko Oregon, Marekani, mwanafunzi wa Portland State University aitwaye Carolyn Davidson alifahamiana na mwalimu wa uhasibu wa chuo hicho, Phil Knight, ambaye pembeni alikuwa na kampuni ya kuagiza viatu vya mbio kutoka Japani. Davidson alihitaji pesa, Knight alihitaji mtu wa kumchorea, wakakubaliana dola 2 kwa saa. Mwaka 1971 kampuni ikataka kuuza viatu vyake yenyewe, ikahitaji alama ya kuweka ubavuni. Davidson akaleta michoro kadhaa. Hakuna uliowafurahisha, ila muda ulikuwa umekwisha, wakachukua ule wa mstari uliopinda unaofanana na alama ya vema. Knight mwenyewe alikiri kwamba haupendi, labda ataizoea sura yake. Bili ilikuwa dola 35. Ndiyo alama ya Nike.

Mwenzetu aliifanya hadithi hii hirizi. Chora nembo kali, dunia itakuja. Lakini itazame vizuri: alama ile siku ya kwanza haikupendwa hata na aliyeilipia. Haikusema kitu. Kilichoijaza ni viatu. Mshirika wa Knight, Bill Bowerman, alikuwa kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, mtu aliyekata na kushona viatu vya wanariadha wake kwa mikono, na aliyewahi kuharibu kifaa cha mkewe cha kuokea vitafunwa kwa kumimina mpira wa maji ndani yake, apate soli yenye meno mepesi yanayoshika njia. Soli ile ikawa kiatu, kiatu kikakimbia, watu wakauliza kile kimstari ubavuni ni cha nani. Davidson aliendelea kuwafanyia kazi kwa miaka michache, mabango na matangazo, hadi kampuni ikawa kubwa kuliko uwezo wa mtu mmoja. Mwaka 1983 Knight alimwita, akampa pete yenye umbo la alama ile na hisa za kampuni. Wasimuliaji wetu wakifika kwenye dola 35 husikitika, wakifika kwenye hisa hushangilia, na kile kifaa kilichoharibiwa kwa mpira wa maji hawakitaji kabisa.

Sisi watumiaji wa simu hatukuhitaji kwenda Oregon kujifunza hilo. Celtel ilikuwa Celtel, mwaka 2008 ikawa Zain, mwaka 2010 ikawa Airtel. Tigo imekuwa Yas mwaka 2024. Kila mara vibanda vilipakwa rangi upya mpaka vijijini, na waliofaidi bila ubishi ni mafundi rangi. Mteja yeye aliendelea kuuliza kilekile: mtandao unashika?

Mwaka wa pili mwenzetu akapata mteja wa kweli.

Alikuwa mama mmoja wa Tabata, mtengenezaji wa achari ya embe na pilipili ya kusaga, anayeuza kwenye maduka ya mtaani kuanzia kwake hadi Segerea. Mpwa wake alimwonyesha ukurasa wa mwenzetu kwenye simu. Mama akaona benki, akaona ndege. Alijua anakwenda kwenye kampuni kubwa, akaingiwa na hofu ya bei, na alipotajiwa bei akamshukuru Mungu. Alilipa kianzio, nusu. Hakuna kilichoandikwa popote. Hakuna aliyemuuliza chupa zake zina mzingo gani, dukani zinakaa rafu ipi, anayezinunua anazisoma kwa umbali gani, wala zikikaa karibu na mafuta stika itashika au itabanduka. Mwenzetu alimuuliza swali moja tu.

"Mama, unapenda rangi gani?"

"Kijani, mwanangu."

Stika ilipendeza kwenye skrini, lazima niseme. Kijani cha kung'aa, maembe mawili katikati, jina la achari kwa herufi nene, na chini kabisa namba ya simu ya mama, kubwa, imetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Juu kushoto, kwa dhahabu, ilikuwapo nembo ya mwenzetu. Sijawahi kuona stika ya chupa yenye nembo ya aliyeichora, lakini yeye alisema hivyo ndivyo jina linavyosambaa: kila chupa ni tangazo. Na kwa kuwa aliona stika nyingi za dukani zina alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, naye akaipakua akaiweka, upande wa kulia, ijaze nafasi.

Faili ilikwenda kwa fundi wa uchapaji Kariakoo. Fundi alipiga simu siku hiyohiyo. "Kijana, mbona hujaacha ya kukata?" Mwenzetu akamwambia achape tu hivyohivyo, muundo ndio huo.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii: stika hazikatwi mojamoja. Zinachapwa nyingi kwenye karatasi moja kubwa, karatasi zinapangwa rundo, rundo linaingia chini ya kisu cha mashine, na kisu kikishuka rundo husogea kidogo. Haiepukiki. Ndiyo maana mbunifu hupitisha rangi ya pembeni milimita 3 nje ya mstari wa kukata, ili pasibaki ukingo mweupe, na ndani ya mstari huacha nafasi ya namna hiyohiyo au zaidi bila kuweka neno. Hiyo ndiyo ya kukata. Ni somo la mwanzoni kabisa la uchapaji. Wiki tulipofundishwa, mwenzetu alikuwa akichagua rangi ya bahasha zake.

Nilimsindikiza kuchukua mzigo. Tulichokiona kwanza ni kijani. Kilikuwa kimefifia, kimeelekea kwenye kijivu, kwa sababu skrini hutoa rangi kwa mwanga na mashine huitoa kwa wino wa aina nne, na vijani vingine vya kwenye mwanga havipo kabisa kwenye wino. Faili inapaswa kugeuzwa mapema na rangi kupimwa kwa kipande cha majaribio. Hilo bado lingesameheka, kijani ni kijani. Lakini kisu kilikuwa kimepita kwenye namba ya simu. Kwenye stika nyingi tarakimu ya mwisho ilikuwa imekatwa nusu, huwezi kujua ni 3 au ni 8. Kwenye nyingine haikuwapo.

Fundi alikuwa mtu mzima, miwani yake ya kusomea imefungwa kwa uzi shingoni. Alichukua moja, akaisogeza dirishani.

"Namba ya mteja imeliwa," alisema. "Ya kwako hii ya dhahabu iko salama."

Ilikuwa salama kweli. Wabunifu tunafundishwa kwamba kila nembo ina eneo lake tupu pande zote, lisiloingiliwa na maandishi wala picha, na makampuni makubwa huandika kanuni hiyo kwenye vitabu vyao vya miongozo. Mwenzetu alikijua kipengele hicho kwa moyo. Nembo yake aliiachia nafasi ya kutosha, juu, chini, kushoto na kulia. Kanuni aliyoijua kwa ajili ya jina lake hakuitumia kwa namba ya mtu aliyemlipa. Kwangu mimi hapo ndipo kisa chote kilipo, na ndiyo sababu siwezi kukubali wanaosema lilikuwa kosa dogo la kiufundi.

Alizipeleka hivyohivyo. Alisema mama hatagundua.

Mama na binti zake walibandika usiku, asubuhi chupa zikaenda madukani. Wiki chache baadaye alikuja chuoni na kikapu. Tulikuwa chini ya mwembe nje ya karakana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ofisi yenu iko wapi?"

Mwenzetu alieleza kwamba wao hufanya kazi zaidi mtandaoni.

"Nyinyi na nani?"

Hakujibu. Mama akatoa chupa kikapuni, akampa, akamwambia asome namba. Akaisoma. Akamwambia aipige. Mwenzetu akashika simu, akafika mwisho, akasimama.

"Watu wanampigia nani, mwanangu? Wapo walionikuta njiani wakaniambia mama hupokei simu."

La simu halikuwa zito kama lile lililofuata. Mwenye duka mmoja wa Segerea, mtu mwangalifu, aliiona alama ya TBS akaomba kuona leseni. Mama hakuwa nayo. Alikuwa ndiyo kwanza anafuatilia taratibu kupitia SIDO, wanakoelekezwa wasindikaji wadogo kama yeye, na hakujua kwamba stika yake imeshamtangaza kuwa amefika. Alama ile haiwekwi kwa kupamba. Hutolewa baada ya sampuli kupimwa na mahali pa kutengenezea kukaguliwa, na kuitumia bila leseni ni kosa la kisheria, ambalo angeulizwa yeye mwenye achari, si mchoraji asiye na ofisi. Mwenye duka alizitoa chupa zote rafuni. Maduka mengine mama alizifuata mwenyewe kabla hajaulizwa, akazirudisha nyumbani, akazilowesha kwenye maji ya moto na kuzikwangua stika kwa kisu.

"Nilikulipa uandike langu," alimwambia. Hakupaza sauti. Akarudisha chupa kikapuni, akasema anataka pesa yake, akaondoka.

Pesa ilirudi, kidogokidogo, mpaka muhula ukaisha.

Kuna kitu kilichokuwa mbele ya macho yetu muda wote, kimefungwa kiunoni mwa mama huyo siku aliyokuja. Kanga ni kazi ya grafiki, pengine kongwe kuliko zote tulizonazo huku pwani zinazochapwa kwa wingi. Ina pindo, ina mji, ina jina, yale maneno yanayomfanya mwanamke aichague hii na kuiacha ile. Alama ya mwenye mali nayo ipo. Mjini Mombasa familia ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo biashara yake ilianza 1887, imeuza kanga kwa vizazi chini ya alama ya Mali ya Abdulla, na wanunuzi wa pwani huitafuta alama hiyo kama dhamana. Itafute kwenye nguo uone ilipo: ukingoni, kwa herufi ndogo, mahali ambapo anayejali ataiona na asiyejali haitamsumbua. Katikati ni pa mvaaji na maneno yake. Sijui kama kuna mhadhara wowote wa mahali pa kuweka jina lako unaoweza kuushinda ukingo ule, na tumekaa miaka tukifundishwa kwa mifano ya chupa za soda za Marekani.

Isidhaniwe pia kwamba haya ni maradhi ya ujana. Paul Rand alikuwa mwalimu wa walimu wetu: nembo ya IBM ni yake, ya kituo cha televisheni cha ABC ni yake, na ile ya UPS ya mwaka 1961 yenye kifurushi kilichofungwa utepe. Mwaka 1996, mwaka aliofariki, aliichorea kampuni ya nishati ya Enron ya Houston nembo yake, herufi E iliyosimama kwa pembe, mikono yake mitatu kwa rangi tofauti. Inasimuliwa kwamba mkono mmoja mwanzoni ulikuwa wa njano, ukawa unapotea kila ilipopitishwa kwenye faksi, ikabidi uwe kijani. (Fundi wa Kariakoo angemwuliza swali moja mapema.) Basi ikarekebishwa, ikawekwa mbele ya jengo, ikapendeza. Desemba 2001 kampuni ilifilisika, ikabainika kwamba hesabu zake zilikuwa za kupikwa, na wafanyakazi waliowekeza akiba zao za uzeeni kwenye hisa zake wakabaki mikono mitupu. E ile watu wakaiita E iliyopinda, na mabango yake yakauzwa mnadani pamoja na viti na meza. Hakuna mstari uliokuwa umebadilika kwenye mchoro wa Rand. Ulikuwa mzuri siku ya uzinduzi na mzuri uleule siku ya mnada.

Nalitaja hilo kwa sababu katika darasa letu kulikuwa na waliotoa funzo jingine kutoka kwa mwenzetu, funzo la uvivu: kwamba angekuwa ameacha zile milimita 3, yote yangekuwa sawa. Yasingekuwa. Stika ingetoka na namba kamili na alama ya TBS ya uongo, ikiuzwa na kampuni ya uongo iliyopata kazi kwa picha za uongo. Ufundi ungeuficha uongo kwa muda mrefu zaidi, ndiyo tofauti.

Siku ya tathmini ya mwisho kila mmoja alitandika kazi zake ukutani. Chuo kilimwalika mgeni, mama mmoja aliyeongoza idara ya ubunifu katika kampuni ya matangazo hapa mjini. Alipita taratibu. Kwa mwenzetu alisimama muda mrefu. Ukuta wake ndio ulikuwa mzuri kuliko zote, na benki ilikuwapo, na ndege ilikuwapo.

"Hii ya benki, walikupa maelekezo gani?"

"Tuliangalia thamani za chapa…"

"Nani alikupa maelekezo? Taja cheo tu."

Mwenzetu akasema ilikuwa ya mazoezi.

"Na ndege?"

Ya mazoezi.

"Mazoezi hayana ubaya. Andika mazoezi." Akatazama ukuta mara nyingine. "Una kazi yoyote iliyokusumbua? Mteja akakataa, ikarudi kutoka uchapaji, ukairudia?"

Alikuwa nayo. Sote pale tulijua anayo, na ndiyo ingekuwa kazi pekee ya kweli ukutani kwake. Hakuitaja. Mgeni alisubiri kidogo, akamshukuru, akahamia kwa anayefuata, ambaye alikuwa ametandika orodha ya bei za genge la shangazi yake, imechapwa mara tatu kwa sababu shangazi alisema hajaona vizuri. Pale alikaa na kalamu.

Mwenzetu hakuajiriwa na kampuni ya matangazo. Alipata kazi kwenye duka la uchapaji, na humo amedumu. Kazi yake ni kukagua faili za wateja kabla hazijaenda mashineni: anapima pembezoni, anageuza rangi, anasoma namba za simu kwa sauti na kumtaka mteja azirudie. Wanafunzi wanaompelekea kazi wanamwona mkali. Nembo yake ya dhahabu sijaiona tena popote, na sijamuuliza.

Lawama si yake peke yake. Vyuo vingi vya fani hii humpa mwanafunzi zoezi la kujitengenezea utambulisho katika muhula wa kwanza, wakati hana anachokitambulisha, na humpa alama kwa uzuri wa kadi. Zoezi hilo lihamishwe mwaka wa mwisho. Mwaka wa kwanza mwanafunzi apelekwe kwa muuza maji, kwa fundi cherehani, kwa mama wa achari, afanye kitu kinachochapwa kwa wino na kukatwa kwa kisu, na jina litakalosomeka juu yake liwe la mwingine. Walimu wanaoweza kulibadilisha wapo, na mtaala si msahafu.

Nanyi mnaoingia mwaka huu: mokapu zenu ziandikeni "zoezi" kwa herufi zinazosomeka. Msiweke alama ya TBS wala ya taasisi yoyote kwenye kazi ya mteja kabla hajawaonyesha leseni. Na faili ikiwa tayari, kabla ya kuituma, mpigieni mteja kwa namba iliyoandikwa humo, msikie kama atapokea.